Ekseli Huuzwa kwa Jina, Beringi kwa Namba

Katika gurudumu la mbele la pikipiki ya bodaboda kuna spea ambazo hazimsumbui mnunuzi kwa kutokukaa, na kuna nyingine zinazomsumbua mara kwa mara. Beringi, tairi na tyubu zimo katika kundi la kwanza. Ekseli, spesa, kijisanduku cha gia ya spidi na bamba la breki zimo katika kundi la pili. Zote huja kwa makontena yaleyale, huuzwa katika maduka yaleyale ya Kariakoo, Kirinyaga Road na Kisenyi, na nyingi kati yake hazikutoka katika kiwanda kilichounda pikipiki. Kwa hiyo jibu lililozoeleka vijiweni, kwamba spea imekataa kwa sababu ni feki, halitoshi. Ufeki ungekuwa ndio chanzo, beringi nazo zingekataa kuingia katika habu, na tairi zingekataa rimu. Hazikatai. Kinachoyatenganisha makundi haya mawili ni namna yanavyouzwa: la kwanza huuzwa kwa vipimo, la pili huuzwa kwa jina la pikipiki. Ninachotetea hapa ni kwamba sehemu kubwa ya taabu ya ekseli za mbele zisizo za kiwanda ingeondoka kama vipimo vyake vingeandikwa kwenye pakiti na kuhakikiwa kabla mnunuzi hajalipa, na kwamba vita dhidi ya bidhaa bandia, hata ikishinda kabisa, haitaigusa taabu hiyo.

Tazama beringi. Namba 6301 iliyochongwa ubavuni mwake ina maana moja duniani kote: tundu la milimita 12, kipenyo cha nje milimita 37, unene milimita 12. Namba 6201 ina tundu lilelile la milimita 12, lakini kipenyo cha nje ni 32 na unene ni 10. Tarakimu mbili za mwisho ndizo zinazotaja tundu: 00 ni milimita 10, 01 ni 12, 02 ni 15, 03 ni 17, na kuanzia 04 unazidisha kwa tano. Hata kosa linaloruhusiwa limetajwa. Tundu la beringi ya daraja la kawaida ya ukubwa huu linaruhusiwa kupungua mikroni 8 tu, yaani sehemu nane za elfu moja za milimita, na haliruhusiwi kuzidi hata kidogo. Ndiyo maana kiwanda cha Japani, cha India na cha China vinaweza kutoa beringi zitakazokaa katika habu moja bila wahandisi wake kuwahi kuzungumza. Beringi bandia zipo, nazo ni janga: chuma chake ni laini, gololi hazina uduara kamili, grisi ni kidogo. Lakini hufa mapema baada ya kuingia. Kushindwa kuingia ni nadra sana. Mambo haya mawili huchanganywa kila siku katika mazungumzo ya spea. Kuna kosa la ubora na kuna kosa la kipimo, na dawa ya moja haiponyi la pili. Tairi la 2.75-17 nalo limejieleza, upana wa inchi 2.75 kwa rimu ya inchi 17. Cheni ya 428 imejieleza pia, kwa kuwa namba hiyo inabeba umbali wa pingili, milimita 12.7. Mnunuzi hahitaji kujua siri ya namba hizo. Anazitaja tu, na anapewa kitu kinachokaa.

Sasa chukua pakiti ya ekseli ya mbele. Mara nyingi imeandikwa jina la modeli na neno la Kiingereza la ekseli, basi. Haisemi kipenyo cha chuma, haisemi urefu kutoka kichwani hadi mwisho, haisemi tredi inaanzia wapi wala ina hatua gani. Mnunuzi ameachiwa jina, na jina la pikipiki si kipimo. Boxer ya Bajaj imeuzwa Afrika Mashariki kwa injini za cc 100, 125 na 150. HLX ya TVS nayo ina cc 100, 125 na 150. Hali ni ngumu zaidi kwa ukoo wa CG125. Honda ilitoa pikipiki hiyo katika miaka ya 1970, na muundo wake ukanakiliwa na viwanda vingi vya China, kila kimoja kikibadilisha hiki na kile kwa mahitaji yake. Baadhi ya pikipiki za ukoo huo zina breki ya ngoma mbele, nyingine zina diski. Habu zake hazilingani upana, na nafasi kati ya miguu miwili ya shokapu inatofautiana. Anayeomba ekseli ya CG anaomba kitu cha familia nzima, na muuzaji naye anampa kile ambacho kiwanda fulani kiliamua kukiita cha CG. Hakuna aliyedanganya. Wote wawili wametumia neno lisilotosha kwa kazi waliyolipa.

Ili kuona kwa nini tofauti ndogo inaleta taabu kubwa, ni lazima kueleza ekseli inafanya nini hasa. Wengi huiona kama fito inayolibeba gurudumu, na hilo ni kweli kwa nusu tu. Kazi yake nyingine ni kubana. Unapokaza nati, kichwa cha ekseli upande mmoja na nati upande wa pili vinavutana, na kila kilicho katikati kinabanwa kuwa nguzo moja: mguu wa shokapu, spesa ya nje, pete ya ndani ya beringi ya kwanza, spesa ya kati iliyojificha ndani ya habu, pete ya ndani ya beringi ya pili, kijisanduku cha gia ya spidi au bamba la breki, kisha mguu wa pili wa shokapu. Nguzo hiyo haizunguki. Kinachozunguka ni habu na pete za nje za beringi, zikitembea juu ya gololi. Gurudumu likiwa limefungwa sawasawa, unaweza kukaza nati kwa nguvu yote inayotakiwa, ambayo kwa pikipiki ndogo nyingi huwa kati ya Nm 40 na 70 kutegemea modeli, na bado likazunguka laini kana kwamba halijabanwa. Nguvu inapita katika nguzo, haipiti katika gololi. Hapo ndipo kila kitu kinategemea urefu. Kila kipande kikikosea kidogo, makosa hayo yanajumlishwa, na jumla yake inaangukia ama kwenye beringi, ama kwenye shokapu, ama kwenye nati.

Spesa ya kati ndiyo inayodharauliwa kuliko vyote, kwa sababu haionekani, na fundi anayebadilisha beringi kwa haraka anaweza kuiona ni kibomba tu. Ikiwa fupi kuliko inavyotakiwa, kukaza nati kunazivuta pete za ndani za beringi zote mbili kuelekea katikati, huku pete za nje zimegota kwenye vituo vyake ndani ya habu. Gololi zinasukumwa hadi kwenye kingo za njia zake. Gurudumu linakuwa zito kadiri unavyokaza. Tiba inayofuata katika karakana nyingi ni ya hatari: nati inalegezwa mpaka gurudumu lizunguke vizuri. Dereva anaondoka na gurudumu jepesi na nati isiyokazwa. Beringi zikifa mwezi unaofuata, lawama inaangukia beringi, na pengine zilikuwa nzima kabisa siku zilipowekwa. Spesa ikiwa ndefu kupita kiasi, beringi ya pili haifiki kwenye kituo chake, na inashikiliwa na ukuta wa habu peke yake. Ndiyo maana utaratibu sahihi wa kufunga ni kupiga beringi ya upande mmoja hadi igote, kuingiza spesa, kisha kuingiza ya pili hadi iiguse spesa na kuishia hapo. Fundi anayefuata utaratibu huo huigundua spesa isiyofaa kabla gurudumu halijarudi kwenye pikipiki.

Kosa la ekseli yenyewe linalopotosha zaidi ni la mahali tredi inapoanzia. Kila ekseli ina sehemu laini na sehemu yenye tredi. Sehemu laini ikizidi urefu unaotakiwa kwa milimita chache, nati inafika mwisho wa tredi na kugota kabla haijaibana nguzo. Mkono wa fundi unasikia ugumu uleule wa nati iliyokaza. Spana inakataa kusogea. Kumbe nati imekaza kwenye ekseli, na gurudumu limebaki na mchezo wa upande. Sehemu laini ikiwa fupi mno, shida ni nyingine: tredi inaingia ndani ya tundu la mguu wa shokapu, na aluminiamu laini ya mguu huo inaanza kuliwa na meno ya chuma. Urefu wote ukipungua, nati haipati tredi ya kutosha. Kama ni nati ya kujifunga yenye pete ya nailoni, pete hiyo inabaki nje ya tredi na haifungi chochote. Kama ni nati ya spliti pini, tundu la pini halikutani na mikato ya nati, na pini ama haiingii ama inaingia mahali isipozuia kitu. Halafu kuna hatua ya tredi. Ekseli ya milimita 12 inaweza kuwa na hatua ya 1.25, 1.5 au 1.75, na kwa macho matupu hatua hizo zinafanana. Nati ya 1.5 itaanza kuingia kwenye ekseli ya 1.25, itazunguka kidogo, kisha itakuwa nzito. Anayeongeza nguvu wakati huo anaiharibu tredi ya ekseli mpya akiamini anaikaza.

Kipenyo nacho kina hadithi ambayo mnunuzi hawezi kuiona. Ekseli ya milimita 12 haipaswi kuwa milimita 12 kamili. Lazima ipungue kwa sehemu chache za mia za milimita ili ipite kwa mkono katika tundu la beringi. Kiwanda kinaweza kuichonga sawasawa, kisha kikaipaka utandu wa zinki au kromu ili isishike kutu. Utandu wa mikroni 10 unaongeza mikroni 20 kwenye kipenyo, kwa kuwa unakaa pande zote mbili, na ekseli iliyokuwa sahihi kabla ya kupakwa inakuwa nene. Haipiti. Hapo nyundo inaletwa. Kila pigo kwenye kichwa cha ekseli iliyokwama linaingia kwenye pete ya ndani, linapita kwenye gololi, na kuacha vishimo vidogo katika njia ya beringi. Vishimo hivyo ndivyo vinavyoanza kuunguruma baada ya majuma kadhaa, na mwenye pikipiki anarudi dukani kulalamikia beringi. Kwa upande wa pili, ekseli iliyopungua sana, tuseme milimita 11.8, inapita kwa raha na kumfurahisha fundi. Raha hiyo ni ya siku ya kufunga tu. Nati ikilegea kidogo, pete ya ndani inaanza kuzunguka juu ya ekseli na kuila, na usukani unaanza kuyumba. Kati ya makosa haya mawili, la wembamba ndilo baya zaidi, maana la unene linajitangaza hapohapo.

Yapo madhara yanayotokea mbali na gurudumu, na hayo hayahusishwi kamwe na ekseli. Jumla ya unene wa vitu vinavyobanwa kati ya miguu miwili ya shokapu inatakiwa kulingana na nafasi iliyopo kati ya miguu hiyo. Pikipiki nyingi ndogo zinaibana miguu yote miwili moja kwa moja kwa nati ya ekseli. Ukiweka spesa ya nje iliyo nyembamba kwa milimita tatu, au kijisanduku cha gia ya spidi kilicho chembamba kuliko cha awali, nati inavuta miguu hiyo ikaribiane chini huku juu imeshikwa palepale. Miguu haiko sambamba tena. Shokapu zinapanda na kushuka kwa msuguano, zinakuwa ngumu, na baada ya muda sili zinaanza kuvuja mafuta. Dereva ananunua sili mpya. Zinavuja tena. Anaambiwa sili za siku hizi hazina maana. Pesa imetumika mara mbili kutibu ugonjwa wa kipande cha chuma ambacho kingegharimu kiasi kidogo sana kukichonga upya, na hakuna aliyekipima. Kwa pikipiki yenye diski, kosa hilohilo la spesa linaisogeza diski upande mmoja, na pedi moja inalika kabla ya mwenzake au diski inakwangua mhimili wa kalipa.

Breki ya ngoma ndiyo inayonifanya nisiweze kulichukulia suala hili kama usumbufu wa kawaida wa biashara. Bamba linalobeba breki shuu lazima lizuiwe lisizunguke na gurudumu, na kinacholizuia ni mkato mmoja katika bamba unaokaa juu ya kisiki kidogo kilichochomoza kwenye mguu wa shokapu. Hicho tu. Mkato ukiwa mpana kuliko kisiki, kila ukishika breki utasikia kishindo, na kisiki kinaendelea kuliwa. Mkato ukiwa haufiki kwenye kisiki, kwa sababu spesa imelisogeza bamba mbali au kwa sababu bamba ni la pikipiki nyingine ya jina hilohilo, siku ya kushika breki kwa nguvu bamba zima linaweza kuzunguka, likauvuta waya wa breki, na gurudumu la mbele likafunga ghafla. Nyuma ameketi abiria, mara nyingi mama na mtoto mgongoni. Kijisanduku cha gia ya spidi kina hatari ndogo kuliko hiyo, lakini kinaudhi: masikio yake lazima yaangukie katika mikato ya habu, na yasipoangukia, kukaza nati kunayaponda.

Wapo watakaosema jibu ni rahisi: nunua orijino. Ushauri huo una ukweli, kwa sababu kiwanda kilichounda pikipiki kinajua vipimo vyake na kina namba ya spea kwa kila kipande. Lakini tazama kinachofanya spea ya kiwanda ikae. Inakaa kwa sababu ina namba ya katalogi inayofungamana na modeli na mwaka fulani. Mtu akinunua ekseli halisi kwa kutaja jina tu, bila namba, anaweza kuondoka na ekseli halisi ya pikipiki nyingine ya ukoo uleule, nayo isikae vilevile. Ubora wa chuma hautafidia milimita nne zinazopungua. Tena, zipo pikipiki nyingi barabarani ambazo hazina wakala wa kiwanda karibu, na zipo ambazo kiwanda chake kimeacha kuziunda. Kumwambia mmiliki wa pikipiki hiyo anunue orijino ni kumwacha bila jibu. Spea mbadala ni sehemu ya lazima ya uchukuzi wetu, kama zilivyo katika nchi yoyote yenye magari na pikipiki nyingi, na hakuna aibu ndani yake. Kinachotakiwa ni ziseme ukubwa wake.

Wengine watasema fundi mzoefu hahitaji vipimo, kwamba mkono wake unajua. Sipingi ujuzi wa mafundi wetu. Bila wao pikipiki hizi zisingevuka hata mwaka wa pili. Lakini mkono unajua vizuri baadhi ya mambo na haujui kabisa mengine. Unajua kulegea, unajua mngurumo, unajua ugumu usio wa kawaida. Hauwezi kutofautisha nati iliyobana nguzo na nati iliyogota mwisho wa tredi, kwa kuwa spana inaleta hisia ileile. Wala jicho haliwezi kutofautisha milimita 12.00 na 11.85. Kuhusu marekebisho, nina hukumu mbili tofauti. Kuongeza washa ngumu, bapa, ya kipenyo sahihi, ili nati isigote kwenye sehemu laini, ni marekebisho halali mradi tredi ya kutosha inabaki ndani ya nati. Kupeleka spesa kwa mchongaji akaikata kwa kipimo ni bora zaidi. Karakana za jua kali za Kamukunji na wachongaji waliopitia VETA au wanaopata huduma za SIDO wana mashine za kutosha kwa kazi hiyo, na spesa iliyochongwa na mtu aliyepewa kipimo huishinda spesa ya pakiti iliyokuja na jina. Lakini kupiga tupa ekseli ili ipite, kutanua tundu la mguu wa shokapu, au kuacha nati nusu ili gurudumu liwe jepesi, hayo si marekebisho. Ni kuhamisha kosa kutoka mahali linapoonekana kwenda mahali lisipoonekana. Na mchongaji bora kabisa, akiambiwa tu achonge ya Boxer, yuko palepale alipo mwenye duka.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba hii ni kazi ya serikali. Tanzania ina Shirika la Viwango, TBS, lililoanzishwa mwaka 1975. Kenya ina KEBS tangu mwaka 1974, na tangu mwaka 2008 ina sheria mahususi ya kupambana na bidhaa bandia. Vyombo hivyo vina wajibu, nao ni mzito. Hata hivyo tuangalie sheria ya bidhaa bandia inalinda nini. Inamlinda mwenye alama ya biashara dhidi ya anayeiiga. Ekseli iliyofungwa katika pakiti yenye alama ya kiwanda chake yenyewe, ikauzwa kwa jina la modeli ambayo haiingii, si bandia kwa maana hiyo. Haikuiba alama ya mtu. Mkaguzi wa bandarini naye anaweza kupima ugumu wa chuma na unene wa utandu, lakini hana gurudumu lako mkononi ajue kama spesa italingana. Sheria iliyo karibu zaidi na tatizo hili ni ya kale na haitajwi: sheria ya mauzo ya bidhaa, Sura ya 214 Tanzania na Sura ya 31 Kenya. Ndani yake mna kanuni kwamba mnunuzi akimweleza muuzaji matumizi anayoyakusudia na kuutegemea ujuzi wake, bidhaa inatakiwa kufaa kwa matumizi hayo, ingawa kununua kwa jina la kibiashara kunaweza kuipunguzia kanuni hiyo nguvu. Risiti nyingi za maduka yetu zimegongwa muhuri wa maneno kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Ninaona muhuri huo ndio unaodumisha biashara ya ekseli zisizo na vipimo, kwa sababu hasara yote ya kutokukaa inabaki kwa dereva, na muuzaji hana sababu ya kumwuliza msambazaji wake swali hata moja. Ekseli isiyokaa ingekuwa inarudi dukani kila siku, vipimo vingeandikwa kwenye pakiti kabla mwaka haujaisha. Hapo TBS na KEBS wangekuwa na kazi nyepesi na ya maana: kudai kila ekseli na kila spesa inayoingizwa iandikwe kipenyo, urefu wote, urefu wa sehemu laini na hatua ya tredi. Maneno hayo manne yanaenea kwenye kibandiko kidogo.

Muuzaji atajibu kwamba mteja hajui vipimo, anataka kuhudumiwa kwa jina la pikipiki yake. Jibu langu ni beringi tena. Hakuna aliyewapeleka madereva darasani kujifunza 6301 au 428; walijifunza kwa sababu namba ilikuwapo kwenye kitu na iliwasaidia. Watu hujifunza haraka lugha inayowaokolea pesa. Kuhusu muda, ambao kwa mwenye bodaboda ni mapato ya siku, kupima ekseli kunachukua dakika mbili, na kufungua gurudumu mara ya pili kunachukua saa nzima bila kuhesabu safari ya kurudi dukani. Na ikiwa mtu atasema vipimo havitaondoa chuma kibovu, nakubali moja kwa moja. Ekseli inaweza kuwa na kila kipimo sahihi na bado ikapinda kwenye shimo la kwanza kwa kuwa imetengenezwa kwa chuma laini. Lakini ukishaondoa makosa ya kipimo, ubovu wa chuma hauna tena mahali pa kujificha. Leo, beringi inapokufa, hatuwezi kujua kama ni beringi, spesa au nyundo. Kila mmoja ana wa kumsingizia, na kiwanda kilichotoa chuma laini kinaponea katika vurugu hiyo.

Mpaka hapo vibandiko vitakapokuja, mnunuzi ana uwezo kuliko anavyodhani, na hauhitaji chombo chochote. Usiende kununua ekseli bila ile ya zamani, nati yake na beringi moja iliyotolewa. Ziweke ekseli mbili sambamba juu ya kaunta, vichwa vikiwa usawa mmoja, utazame tredi zinaanzia na kuishia wapi. Kaunta nyingi ni za kioo: biringisha ekseli mpya juu ya kioo, na kama ina mwanga chini yake unaotokea na kupotea, imepinda hata kama ni mpya. Zungusha nati ya zamani kwa vidole hadi mwisho wa tredi. Ikikataa njiani, hatua si moja. Pitisha beringi kwenye ekseli kwa mkono. Isipoteleza, au ikicheza, rudisha. Kama una bamba jipya la breki, beba vipimo vya kisiki na vya mkato wa zamani. Fundi naye anunue kipimo cha venia, ambacho siku hizi ni miongoni mwa vifaa rahisi kupatikana madukani, na akikitumia aandike vipimo vya spesa ya kati ya kila modeli anayoihudumia, maana hivyo havipo kwenye pakiti yoyote. Na wenye maduka mnaoagiza kwa kontena, mna nguvu kuliko dereva na kuliko mkaguzi: mwambieni msambazaji wenu kwamba shehena ijayo ya ekseli hamtaipokea kwa majina, mnaitaka kwa milimita.